Kamba Iliyo Mguuni kwa Mama

Mafiga, Morogoro

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua ukifika hapo utaitika marahaba kwa sauti, hata kama uko peke yako jikoni, kwa hiyo nasubiri kidogo uitike ndipo niendelee.

Magoti yanasemaje na mvua hii? Paa la jikoni bado linavuja upande wa kuni, au Mjomba Salumu ameshalipandia? Athumani anakuchotea maji, au akitoka shule anapitiliza kwenye mpira? Mwambie dada yake anauliza.

Kwa upande wetu nilikuwa nimeandika kwamba hatujambo, kwa sababu shuleni tumefundishwa barua inaanza hivyo. Nimelifuta neno hilo, utaona palipochafuka. Mama Mdogo ni mzima, anakaanga vitumbua vyake kila asubuhi kabla hatujaenda hospitali. Mimi ni mzima wa mwili. Mama si mzima hata kidogo, Bibi. Hali aliyo nayo sasa ni mbaya kuliko ile aliyoondoka nayo kwako.

Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe, kama ulivyojifunza kwenye darasa la watu wazima. Tafadhali usimpe Athumani akusomee. Yule ni mtoto, na yaliyomo humu sitaki ayatamke kwa mdomo wake. Soma taratibu, ukichoka pumzika.

Utasema kwa nini sikupiga simu kwa Mjomba nikaongea na wewe. Unanijua. Simu ikiwekwa sauti kubwa na watu wote wamekaa barazani wanasikiliza, mimi nabaki nasema "ee", "ndiyo", "haya", halafu salio linaisha. Hata darasani, jibu ninalo kichwani lakini mkono haunyanyuki. Kwenye karatasi angalau hakuna anayeniangalia.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Mama alipoteremshwa mlimani kwa machela mpaka barabarani Mkuyuni, ulikuwa umeshasema kwamba moyo wake hauna shida kwa ndani, umevimba kwa nje na unasongwa na maji. Bibi, ulikuwa sawa. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine yote. Daktari wake ni dada mmoja kijana, mpole. Alituonyesha kwenye ultrasaundi kwamba moyo umekaa ndani ya mfuko mwembamba, na ule mfuko ndio umevimba ukajaa maji. Nikauona moyo wa Mama ukirukaruka humo kama kambale kwenye ndoo. Wakamchoma sindano ndefu hapa chini ya kifua, wakatoa maji yenye rangi kama ya chai ya rangi. Siku hiyo Mama alilala chali, akakoroma. Mama Mdogo alilia kwa furaha ya kusikia mtu anakoroma.

Siku zile za mwanzo kulikuwa na raha. Kitanda cha jirani kuna mama mmoja wa Kilosa, Mama Pili, mwenye mdomo, alijitangaza mtani wetu tangu tulipoingia. Daktari alipomkataza Mama chumvi, Mama akacheka, akasema, "Mama yangu alishanikataza zamani, nyie mmechelewa." Mama Pili akadakia, "Waluguru nyie, mkipewa ugali mnauliza mzizi wake uko wapi!" Mama naye, "Na nyie wa bondeni mkipewa mzizi mnauliza nyama yake iko wapi." Wodi nzima ikacheka. Nakuandikia hili ili ujue kwamba kwenye chumvi wewe na hospitali mlikubaliana, na kwamba Mama alikuwa anacheka.

Kilichouvimbisha ule mfuko, wamesema, ni kifua kikuu. Mama akashangaa. "Kifua kikuu bila kukohoa? Mimi nimekohoa lini?" Daktari akamweleza kwamba vile vijidudu vinaweza kukaa kwenye mapafu, vinaweza kukaa hata kwenye mfupa, na kwake vimechagua kukaa kwenye mfuko wa moyo. Dawa yake ipo, ni vidonge vya kumeza kila siku kwa miezi mingi, bila kuruka. Akameza mbele ya muuguzi, tukashukuru Mungu.

Asipomeza inakuwaje, hilo hawakulisema kwa Kiswahili. Walikuja madaktari wanafunzi wakazunguka kitanda, na mkubwa wao akawa anawafundisha kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni kwenye ndoo iliyopinduliwa, na sare yangu ya shule, wala hawakunijali. Bibi, wewe ndiye uliyeuza mbuzi wako nisome hicho Kiingereza. Siku hiyo nilitamani ningekuwa nimekifeli. Alisema mgonjwa kama huyu akikosa dawa, ule mfuko unakauka, unakuwa mgumu kama gamba, unaubana moyo mpaka unashindwa kutanuka upokee damu. Mwanafunzi mmoja akauliza wagonjwa wa hivyo wanaishia wapi. Akajibiwa. Jibu lile siliandiki.

Walipoondoka Mama akaniuliza, "Wamesemaje, mwanangu?"

Nikamwambia, "Wanasema unaendelea vizuri."

Kumbe na yeye alikuwa ananificha lake.

Nilikuwa nafua kanga yake kwenye bomba la nyuma ya wodi, ile ya kijani uliyompa sikukuu ya Idi. Maji yakageuka rangi, yakawa kama maji ya chungwa yaliyochanganyika na damu. Nikadhani kanga inachuja. Kanga ya kijani inachujaje rangi ile? Nikashika pindo, nikakuta limefungwa fundo kama anavyofungia hela. Nikalifungua. Vilikuwa vidonge vyake, vimelowa vimeyeyuka, vimeshikana kama tope. Alikuwa anavificha chini ya ulimi, muuguzi akigeuka anavitema kwenye pindo.

Daktari alikuwa ametuambia mapema tusiogope tukiona mkojo wake una rangi ya chungwa, kwamba ni dawa inafanya kazi. Mimi ndiye ninayemwaga beseni. Nilikuwa naona mkojo ni wa kawaida tu, na sikuuliza, maana kuuliza kitu kama hicho mbele ya watu nilikuwa naona aibu.

Nikarudi wodini na kanga mkononi.

"Mama, hivi ni nini?"

"Kafue nguo."

"Mama, hujameza."

"Rehema. Kafue nguo, anika, uje ukae."

Nikafua, nikaanika, nikaja nikakaa. Akanivuta karibu, akanong'ona ili Mama Pili asisikie. "Umesahau? Si ulikuwepo?"

Kweli nilikuwepo, Bibi. Ilikuwa likizo. Ulikuwa umeshamfukiza Mama kwa majani, umempaka ile dawa ya manjano kifuani, unampa gome lako lililochemshwa na tangawizi, na uvimbe wa miguu ulikuwa umepungua, nimeuona mwenyewe kwa macho. Kisha ukachana kaniki yako, ukasokota kamba moja, ukaikata vipande viwili. Kimoja ukamfunga Mama mguu wa kushoto, juu ya kifundo. Kingine ukajifunga wewe, mguu uleule. Ukasema hii ikiwa mguuni, chumvi isipite mdomoni wala dawa ya mtu mwingine. Ukasema umefunga kwa mkono wako na itafunguliwa kwa mkono wako. Na mwisho ukasema atakayevunja mwiko katikati, balaa halitamfuata mgonjwa, litamrudia aliyefunga.

Mimi nilidhani ni maneno ya kumtisha mgonjwa asidokoe chumvi, kama ulivyokuwa unatutisha tusikalie kinu. Mama hakudhani hivyo. Hata siku anaondoka, alinikumbusha, ulimwambia, "Nenda wakutoe maji, lakini dawa zao usimeze, utachanganya." Sasa amekaa hapa na mfuko wa moyo wake unakauka, kwa sababu yako. Alinong'ona hivi, nayaandika kama yalivyotoka mdomoni mwake: "Bibi yako kwa umri ule, na magoti yale, unataka nimmalize kwa kidonge?"

Akaniapisha nisimwambie mtu.

Nilikaa na kile kiapo. Shuleni naandika, lakini sijui naandika nini. Nikija jioni, miguu imevimba zaidi. Tumbo nalo likaanza. Akawa halali tena chali, analala ameegemea mito kama vile alivyokuwa huko kwako. Madaktari wakaanza kukuna vichwa kwa nini dawa haifanyi kazi, wakawa wanazungumza habari ya kubadilisha, habari ya kumpeleka Dar es Salaam apasuliwe ule mfuko ubanduliwe, halafu wanasema hawezi kuhimili kisu. Na mimi nimekaa kwenye ndoo yangu, najua.

Nikamwambia daktari, Bibi. Haikuwa rahisi. Nilimfuata hadi kwenye ngazi, akageuka, "Binti, una shida?" Nikasema hapana, nikarudi. Nikamfuata tena. Mara ya tatu akanishika mkono akanikalisha kwenye benchi, nikamwambia yote huku naangalia viatu vyake.

Hakukutukana. Naomba ulijue hilo. Alisema yeye naye amekua akifukizwa na bibi yake, na dawa asiyoijua hawezi kuidharau. Tangawizi na mdalasini kwenye chai hana neno navyo. Mizizi na magome ndiyo aliyoomba yasimame kwanza, kwa sababu vidonge hivi vyenyewe vinalichosha ini, na hajui gome lako likikutana navyo humo ndani vitafanyana nini. Akasema, "Bibi yako alimsaidia mama yako mpaka akafika hapa. Sasa hapa pana kijidudu, na kijidudu hiki kina dawa yake."

Akaenda kuzungumza na Mama. Alizungumza vizuri, amekaa kitandani kabisa. Mama akasikiliza. Muuguzi mmoja ndiye aliyeharibu. Kwa kuwa mguu umevimba, ile kamba imezama kwenye nyama, huioni mpaka ubonyeze, na chini yake ngozi imeanza kuchubuka. Akaja na mkasi, kwa nia nzuri tu, aikate. Mama ambaye hata kikombe hanyanyui alimdaka mkono yule muuguzi, akapiga ukelele uliofika mpaka wodi ya wanaume. "Mkiikata mtamzika mama yangu! Mtamzika nyie!" Wakamwacha. Moyo wake ulikuwa unadunda mpaka shuka linatikisika.

Baadaye akanigeukia. Akasema neno moja tu, "Umeniuza."

Tangu hapo hanisemeshi. Uji akinyweshwa na Mama Mdogo anakunywa, nikishika kijiko mimi anafumba mdomo. Namfuta jasho, anageukia ukutani. Mama Pili, na mdomo wake wote ule, siku hizi hatanii mtu. Juzi alinipa chungwa, akasema, "Kula, mwanangu," basi.

Na maji yamerudi kwenye moyo. Wamenionyesha. Yule kambale harukiruki tena kama mwanzo, anajisukuma tu.

Mama Mdogo akampigia Mjomba Salumu. Nilikuwa karibu nikasikia. Akamwambia, "Kaka, wewe ndiye mjomba wa watoto hawa, neno lako ndilo linasimama kwetu. Mwamuru dada yako ameze." Mjomba akasema, "Kwenye shamba nitasema. Kwenye mahari ya Rehema nitasema. Alichofunga mama yetu mimi sikifungui. Na wala sithubutu kumwendea nikamwambia dawa yako ivue." Mama Mdogo akamwuliza, "Sasa nani athubutu?" Mjomba akasema, "Labda mjukuu."

Ndiyo maana naandika mimi. Wanao wote wanakuogopa, Bibi, na kukuogopa kwao ni heshima. Mimi tangu mdogo uliniita mke mwenzio, ukanifundisha kukujibu, ukawa unaniambia mjukuu anaruhusiwa kumtania bibi yake neno ambalo mwana hawezi. Sijawahi kuwa na ujasiri wa kuutumia utani huo. Nautumia leo, na wala si utani.

Nikuambie na hili, maana nikilificha halitaniacha. Nilitaka kumdanganya Mama kwa jina lako. Mama Mdogo ana kaniki kuukuu. Nilichana utepe, nikasokota, nikawaza nimpelekee Mama nimwambie, "Bibi amevua yake, hii hapa, ameileta Mrisho wa pikipiki." Nikajaribu kulifunga lile fundo lako. Kichwa kimoja kinapita chini ya kingine halafu kinajirudi, sikuweza, nikajaribu mpaka vidole vikauma. Na hata kama ningeliweza, Mama angeinusa. Kamba yako ina moshi wa jikoni kwako na yale mafuta ya nyonyo unayopaka magoti. Yangu ilikuwa inanuka sabuni. Nikaitupa.

Kwa hiyo nakuomba, Bibi. Sisemi dawa yako imeshindwa. Sitamki hivyo, na yeyote atakayekwambia nimetamka hivyo anasingizia. Nakuomba ufungue kamba iliyo mguuni kwako, kwa mkono wako, kama ulivyosema itakavyofunguliwa. Yake tutaifungua hapa akishaiona yako, maana zilikuwa kamba moja, kwa vidole, bila mkasi. Mrisho aliyekuletea barua hii, yule anayeteremsha ndizi kwa pikipiki, ameahidi kwamba hata kama mto umejaa ataiacha pikipiki Mkuyuni apande kwa miguu. Na atakusubiri. Mpe chai.

Nilidhani hapa ndipo barua inaishia. Lakini nimekaa na kalamu na jambo limeniingia ambalo sikuliwaza kabla. Siku zote hizi nilikuwa nawaza jinsi ya kumwondoa Mama hofu. Sikuwaza kwamba na wewe labda unaamini. Kwamba uliposema balaa litamrudia aliyefunga, hukuwa unamtisha mtu, ulikuwa unajitoa wewe, ili mwanao apone. Kama ni hivyo, basi siombi kamba. Naomba jambo kubwa kuliko adabu yangu, na sijui mtoto anaombaje jambo kama hilo. Nimefuta mara nyingi, utaniwia radhi karatasi imetoboka.

Mimi siwezi kuchagua kati yenu. Nimejaribu, nimelia chooni, siwezi. Lakini Mama ameshachagua. Amemchagua mama yake. Nakuomba na wewe umchague mwanao.

Msalimie Mjomba Salumu, mwambie sina kinyongo naye, na paa alitengeneze. Msalimie Bi Mwanahawa jirani, anayekuazima kinu. Athumani mwambie Mama anamuulizia, ingawa kweli ni mimi, Mama haulizi kitu kwangu. Usimwambie mengine. Mama Mdogo anakupa shikamoo, amesimama mlangoni, Mrisho anapiga honi.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, tupu, nimeiandika jina la Mama. Usihangaike kuniandikia jibu. Iweke humo ile kamba, hata usiioshe.

Mimi mjukuu wako na mke mwenzio,

Rehema